Theory, heat, risk: maneno mepesi ya kisayansi yanayotupiga chenga

Sijawahi kuona watu wakigombana kuhusu maana ya neno “photosynthesis”. Lile neno ni gumu na linajulikana kuwa ni gumu, ukikutana nalo hulijui basi unajua kabisa hulijui, unaenda kutafuta maana yake au unalipita kimya kimya. Ugomvi wote uko kwenye maneno mepesi: “theory”, “heat”, “weight”, “significant”, “risk”. Haya kila mtu aliyekaa darasani miaka michache anayajua na hapo ndo tatizo linapoanzia, maana mwanasayansi kalichukua neno la mtaani, kalibana, kalipa maana moja nyembamba, halafu kalirudisha kwenye habari bila kumwambia mtu. Wewe unalisoma kwa maana ile ya mtaani, yeye kaliandika kwa maana yake, na kila mmoja anamuona mwenzake mjinga.

Sisi tunaofikiri kwa Kiswahili tuna mtego mwingine juu ya huo. Mara nyingi Kiingereza kina maneno mawili na sisi mdomoni tuna moja tu. Joto. Sumu. Hatari. Kimondo. Vitabu vimejitahidi kutuletea “tungamo” (“mass”) na “halijoto” (“temperature”) lakini niambie mara ya mwisho umesikia nani anasema “leo halijoto imezidi”. Kwa hiyo unasoma Kiingereza, kichwani unatafsiri maneno mawili yanageuka kuwa kitu kimoja, halafu unashangaa kwa nini mwandishi anajirudia.

Tuanze na jepesi, “mass” na “weight”. “Mass” ni kiasi cha maada iliyomo ndani yako, hiyo ndo tungamo au masi ya vitabuni. “Weight” ni nguvu ambayo Dunia inakuvutia nayo chini. Ya kwanza inapimwa kwa kilo, ya pili kwa nyutoni. Yaani ukisema “uzito wangu kilo 60” kifizikia umeshachanganya, ingawa mwalimu wa fizikia mwenyewe akitoka darasani anasema hivyo hivyo na hakuna anayemkamata, kwa sababu hapa duniani mvuto karibu ni ule ule kila mahali kwa hiyo ukijua kimoja umejua na kingine. Kazi inaanza ukiondoka. Mtu wa kilo 60 hapa anavutwa kwa nyutoni 588 hivi, mpeleke mwezini zinabaki kama 97 tu maana mvuto wa kule ni kama moja ya sita ya huku. Je, kakonda? Hajapungua hata gramu. Akipanda kwenye mizani ya springi, ile ya kukanyaga, itamwambia ana kilo 10, lakini mkitumia mizani ya sahani mbili, huku yeye na huku mawe ya kilo, itasoma 60 kama kawaida kwa sababu na yale mawe nayo yamepunguziwa mvuto vile vile.

Hapa hapa kuna uzushi mmoja sugu, kwamba wanaanga wanaelea kwa sababu huko juu hakuna mvuto. Kituo cha anga cha kimataifa kiko kama kilomita 400 juu yetu na mvuto pale bado ni karibu asilimia 90 ya huu wa hapa chini. Wanaelea kwa sababu wanaanguka, wao na kituo chao pamoja, ila wanaanguka huku wakienda mbele kwa kasi kubwa mno kiasi kwamba Dunia nayo inajipinda chini yao na hawaifikii. Mizani ya kukanyaga huko haina kazi. Ili kumpima mtu wanamuweka kwenye kifaa chenye springi kinachomyumbisha, mwenye masi kubwa anayumba polepole na mwenye ndogo anayumba harakaharaka. “Weight” haisomeki ila “mass” ipo palepale.

Sasa “heat” na “temperature”, na hapa naomba tukae kidogo maana ndo ninapopapenda kuliko kote. “Temperature” inakuambia zile chembe ndogo kabisa za kitu zinatikisika kwa nguvu kiasi gani kwa wastani. “Heat” ni nishati inayohama kutoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kitu cha baridi. Ukimuona fundi anakata chuma kwa grenda, zile cheche zinazoruka zina zaidi ya digrii 1000 na zinamdondokea mikononi anaendelea na kazi. Mmwagie ndoo ya maji ya digrii 90 uone kama ataendelea. Cheche ina “temperature” kubwa lakini ni kachembe tu, haina nishati ya maana ya kukupa. Ndoo ina digrii chache na nishati ya kukupeleka hospitali.

Ukitaka kuliona hili kwa macho, jaza barafu kwenye sufuria, tumbukiza kipimajoto, washa moto mdogo, uwe unakoroga. Barafu ikifika digrii 0 inaanza kuyeyuka na kuanzia hapo kipimajoto kinagoma. Moto unawaka, dakika zinapita, gesi inaisha, unakoroga weee, kipimajoto kiko pale pale 0 mpaka kile kipande cha mwisho kabisa kiishe ndo kinaanza kupanda. Moto wote ule ulikuwa unaenda wapi? Ulikuwa unavunja mshikamano wa barafu ili iwe maji. Gramu moja ya barafu inameza jouli 334 (jouli ni kipimo cha nishati) kugeuka maji, na maji yenyewe bado ni ya digrii 0. Jouli hizo hizo zingetosha kuyapandisha maji hayo kutoka 0 mpaka karibu digrii 80! Mskoti mmoja, Joseph Black, aliyekuwa anafundisha Glasgow karne ya 18, ndiye aliyelikalia jambo hili kwa vipimo mpaka akaonyesha kwamba joto linaweza kuingia kwenye kitu na kipimajoto kisijue. Kabla ya hapo hata wasomi walichanganya, kwa hiyo ukichanganya wewe leo usijisikie vibaya.

Na ndo maana mvuke wa digrii 100 unaunguza vibaya kuliko maji ya digrii 100 hizo hizo. Gramu ya mvuke ikigusa ngozi na kugeuka maji inakutupia kama jouli 2,260 kabla hata haijaanza kupoa. Gramu ya maji yanayochemka ikipoa mpaka joto la mwili inatoa kama 260. Digrii sawa, kipimajoto kinasema sawa, ngozi inajua si sawa.

“Venom” na “poison” ni fupi. Kwetu zote sumu, Kiingereza kinaangalia mlango wa kuingilia. “Venom” inapelekwa kwa kuchomwa, na jino au mwiba, “poison” inakaa inasubiri wewe ule, uguse au uvute. Nyoka wenye sumu basi karibu wote ni wa “venom”. Ila asili haina nidhamu, kuna nyoka wa Asia anaitwa Rhabdophis tigrinus ambaye ana meno yenye sumu na wakati huo huo anakula vyura wenye sumu, anaihifadhi sumu yao kwenye tezi za shingoni kwa ajili ya atakayejaribu kumla yeye. Huyo ni vyote viwili.

Kimondo nacho Kiingereza kimekigawa mara tatu kwa kufuata safari yake. Jiwe likiwa bado linazunguka huko angani ni “meteoroid”, likiingia kwenye hewa yetu ule mwanga tunaouona ukipita ni “meteor”, na kipande kikinusurika kikafika chini ni “meteorite”. Tarehe 15 Februari 2013 pale Chelyabinsk, Urusi, watu waliona mwanga mkali, wakasogea madirishani kuangalia, halafu wimbi la mshindo likafika na vioo vikawapasukia, waliumia zaidi ya elfu moja. Wengi waliumizwa na vioo kwa sababu ya “meteor”, “meteorite” zenyewe ziliokotwa baadaye, kubwa yao ikaopolewa ziwani.

Kwenye magonjwa hapa kuna maneno yanayogharimu watu. “Infectious” ni ugonjwa unaosababishwa na kijidudu kilichoingia mwilini. “Contagious” ni ule unaorukia kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu kwa kukaribiana. Kila “contagious” ni “infectious” lakini si kinyume chake. Malaria ni “infectious”, ila ukilala chumba kimoja na mgonjwa wa malaria humpati mdudu kutoka kwake mpaka mbu apatanishe. Pepopunda vile vile, unaipata kwenye kidonda kilichochafuka, huipati kwa kumuuguza mwenye nayo. Kiswahili tunasema “ugonjwa wa kuambukiza” kwa yote hayo, halafu mgonjwa anatengwa bure.

Halafu “epidemic”, “pandemic” na “endemic”. “Epidemic” ni mlipuko, wagonjwa wamezidi kile kiwango kilichozoeleka mahali hapo. Ukisambaa nchi nyingi na mabara ndo “pandemic”, lile neno ambalo Shirika la Afya Duniani lililitumia kwa UVIKO-19 tarehe 11 Machi 2020. Hakuna moja kati ya hayo linalosema ugonjwa ni mkali kiasi gani, yanasema umefika wapi. Lililoharibu mambo zaidi ni “endemic”. Watu walipoanza kusikia kwamba korona inaelekea kuwa “endemic” wakashangilia, wakidhani maana yake imeisha au imekuwa mafua. “Endemic” maana yake upo mahali fulani muda wote kwa kiwango kinachotabirika, basi. Malaria ni “endemic” kwenye nchi nyingi na inaua watu mamia ya maelfu kila mwaka.

Kipindi kile kile kilituletea “efficacy”. Mwishoni mwa 2020 ikatangazwa kwamba chanjo ya Pfizer na BioNTech ina “efficacy” ya asilimia 95 na nikasikia watu wazima, wengine wenye digrii zao, wakisema kumbe kati ya watu 100 wakichanjwa watano wataugua. Siyo. Jaribio lile lilikuwa na watu kama 43,000, karibu nusu wakachomwa chanjo na nusu maji ya chumvi. Waliougua jumla walikuwa 170: 162 kutoka kundi la maji ya chumvi, na 8 kutoka kundi la chanjo. Ile 95 inatoka hapo, ni kulinganisha 8 na 162: 8 ni kama asilimia 5 ya 162, yaani wagonjwa wamepungua kwa asilimia 95. Ingekuwa ni watano kwa kila mia basi kwenye kundi la chanjo wangeugua zaidi ya elfu moja. Na ujue “efficacy” ni matokeo ya ndani ya jaribio, ambapo watu wamechaguliwa na wanafuatiliwa. Dawa ikishaingia mtaani, watu wamechelewa dozi, wengine wana magonjwa mengine, virusi navyo vimebadilika, kinachopimwa pale kinaitwa “effectiveness” na mara nyingi kinakuwa chini kidogo. Mtu anakuja na namba mbili tofauti anasema walitudanganya, kumbe kasoma vitu viwili.

Haya, “theory”. Hili ndo lenyewe. Mtaani “theory” ni kuhisi, nina “theory” yangu kwa nini jamaa hapokei simu. Kwenye sayansi kuhisi kwa aina hiyo, kama kunaweza kupimwa, kunaitwa “hypothesis”. “Theory” ni maelezo mapana ya kwa nini mambo yanatokea yanavyotokea, maelezo yaliyokwisha kupimwa tena na tena kutoka pande nyingi yakasimama. Ile kwamba vijidudu vinasababisha magonjwa jina lake rasmi ni “germ theory”, na sijaona mtu anamkataza daktari kunawa mikono kabla ya upasuaji eti kwa sababu hiyo ni “theory” tu.

Kiswahili cha vyuoni kimetuchanganya zaidi hapa, samahani kwa waliolitunga. “Hypothesis” tumeiita nadharia tete. Ukisikia hivyo unapata picha ya ngazi, kwamba inaanza tete, ikikomaa inakuwa nadharia, na ikifaulu mitihani yote inapandishwa cheo inakuwa “law”. Hiyo ngazi haipo. “Law” inasema nini kinatokea, mara nyingi kwa hesabu fupi, “theory” inasema kwa nini. Newton mwaka 1687 alitoa “law” ya mvuto, unaingiza masi mbili na umbali inakupa nguvu, lakini mvuto wenyewe unasababishwa na nini hakueleza na alikiri hivyo. Einstein mwaka 1915 akaleta “theory” inayoeleza. Sasa sayari ya Zebaki ilikuwa na kero yake ya miaka mingi, njia yake kuzunguka jua inajisogeza kidogo kidogo, na hesabu ya Newton hata ukiweka mvuto wa sayari zote nyingine ilibakiza kitu kidogo hakielezeki, sekunde 43 za pembe (digrii moja igawe mara 3,600, kila kipande ni sekunde ya pembe) kwa kila miaka 100. Hesabu za Einstein zikazitoa zile 43 zenyewe. Yaani “theory” ndo ilipatia pale ambapo “law” ilikosea.

Na iko kwenye simu yako hiyo “theory tu”. Saa zilizomo kwenye setilaiti za GPS zinakimbia mbele ya saa za huku chini kwa kama sekunde milioni 38 za... hapana ngoja niiseme vizuri, sekunde moja igawe mara milioni, chukua vipande 38, kiasi hicho kila siku. Kinaonekana kidogo lakini kisiporekebishwa ramani inakosea kwa kilomita kama 10 ndani ya siku moja. Wahandisi wanarekebisha kwa kutumia Einstein.

“Significant” ni nduguye “theory” kwa udanganyifu. Habari inasema utafiti umegundua tofauti “significant”, msomaji anaelewa kubwa. Mtafiti alimaanisha tofauti hii haielekei kuwa imetokea kwa bahati tu. Rusha sarafu mara 10 itoke kichwa mara 6, hakuna atakayeshtuka. Irushe mara 1,000 itoke kichwa mara 600, asilimia ile ile 60, na hapo mtu yeyote atasema hiyo sarafu ina mambo. Sasa irushe mara 100,000 itoke kichwa mara 51,000. Kitakwimu hiyo ni “significant” kabisa, bahati tu karibu haiwezi kukufikisha hapo, lakini sarafu yenyewe imepinda kwa asilimia moja tu, kwenye maisha yako haitakufanyia kitu. Kwa hiyo ukiona neno hilo kwenye habari ya dawa usiishie hapo, tafuta imepunguza kiasi gani. Dawa iliyopimwa kwa watu wengi sana inaweza kupata “significant” kwa kukupunguzia homa ya siku saba kwa dakika kumi.

Nimeliacha la mwisho “hazard” na “risk” kwa sababu linarudi kila baada ya miaka michache na kila mara tunaanguka shimo lile lile. Kiswahili ni hatari na hatari. “Hazard” ni kitu chenye uwezo wa kudhuru. “Risk” ni uwezekano kwamba kitakudhuru wewe, kwa kiasi unachokutana nacho. Papa ni “hazard” siku zote, “risk” yake kwako wewe uliyekaa sebuleni ni sifuri. Oktoba 2015 ile taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, IARC, iliweka nyama za kusindikwa kama soseji kwenye kundi la kwanza, kundi ambalo tumbaku nayo imo. Vichwa vya habari dunia nzima: soseji sawa na sigara. Lakini yale makundi yanapanga “hazard”, yanasema tuna uhakika kiasi gani kwamba kitu kinaweza kuleta saratani, hayasemi kinaleta saratani ngapi. IARC wenyewe kwenye maelezo yao wakataja makadirio: vifo vya saratani kama 34,000 kwa mwaka duniani kutokana na kula sana nyama hizo, na kama milioni moja kutokana na kuvuta tumbaku. Uhakika ni sawa, ukubwa ni mbingu na ardhi.

Julai 2023 ikaja zamu ya aspatemu, ile sukari bandia ya kwenye soda za daieti. IARC wakaiweka kundi la 2B, yaani huenda ikasababisha saratani, ushahidi ni mdogo. Siku hiyo hiyo kamati nyingine inayoangalia “risk” ikatoa tangazo lake kwamba haijaona sababu ya kubadilisha kiwango cha zamani kinachokubalika kuliwa, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Matangazo mawili, siku moja, moja la “hazard” na moja la “risk”, na lililosambaa ni la kwanza peke yake. La pili lilikuwa na hesabu kabisa: mtu wa kilo 70 (za masi, tafadhali) angehitaji kunywa zaidi ya makopo 9 mpaka 14 ya soda hiyo kila siku, kutegemea kopo lina kiasi gani, ndo avuke mstari.